Glasi Niliyomwinulia Mdogo Wangu

Al Baraha, Dubai
Jumatatu

Kwako mdogo wangu Zedekiya,

Salamu zangu zikufikie kabla hujaketi kula, maana nakujua, ukishaketi husikii la mtu. U mzima? Shemeji Martina na watoto hawajambo? Na Mama je, miguu imetulia au bado anaisingizia mvua? Mwambie dawa ya kuchua nimempa Asila amletee, apake kidogo kidogo, asije akaimaliza siku moja kama ile ya kwanza. Mimi huku ni mzima wa mwili. Joto limeanza, ukitoka nje adhuhuri utadhani mtu amefunua tanuri usoni pako, lakini kazini kuna kiyoyozi na chumbani tumo sita tu, kwa hiyo sina la kulalamikia. La rohoni ndilo lililonishikisha kalamu.

Najua unashangaa kupata barua badala ya simu. Umenipigia, wazee wamenipigia, na kila mara nimesema mtandao mbaya, niko zamu, sir ananiita. Mtandao wa Dubai si mbaya, Zedekiya. Nilikuwa nalitazama jina lako likiwaka mpaka linazimika lenyewe, kisha naendelea kula. Sasa Asila, yule wa Tabora mjini anayefanya kazi kwa madam mmoja hapa jirani, anakuja likizo Alhamisi. Nimemwomba akukabidhi hii mkononi mwako, si kwa mtu mwingine yeyote, kabla wazee hawajakaa Jumamosi.

Kwanza nikueleze nilipo. Ulinzi wa maghala kule Jebel Ali nilishaacha. Siku hizi ni mhudumu katika mgahawa wa Wajojia, ndani ya hoteli moja hapa Deira. Jojia hii si ile ya Marekani, ni nchi ya milima huko kati ya Urusi na Uturuki. Mwenye mgahawa anaitwa Otari, mtu mnene mwenye sauti ya kuendeshea ibada. Ukutani ametundika picha za wafalme wao wa kale, wenye ndevu na mapanga, na kila Mjojia akiingia lazima amwonyeshe mwenzake picha moja na kumwambia kwamba huyu ni wa ukoo wetu. Mpishi ni kizazi cha mwana wa mfalme. Mwosha vyombo naye hivyo hivyo. Hata anayetuletea mkaa! Nikamwambia Wangari, Mkenya ninayehudumu naye, kwamba nchi ile lazima ilikuwa na wafalme wengi kuliko raia. Akanijibu kwamba basi nimefika kwetu, maana haipiti siku sijawakumbusha kuwa baba yangu alikuwa mtemi.

Ni kweli nawakumbusha. Ukibeba sinia mchana kutwa huku watu wanakuita kwa kupiga vidole, lazima uwe na kitu cha kujiambia. Mimi nilikuwa najiambia hicho. Najiambia, ngojeni tu, huyu mnayempigia vidole ana kiti chake kinamngoja.

Halafu Mama akanipigia kwamba wazee wamekutaja wewe ukalie kiti cha marehemu Baba.

Nilimwitikia vizuri, atakwambia. Nikasema mapenzi ya Mungu, nikauliza habari za mahindi. Nilipokata simu nikakaa kwenye ngazi za nyuma za hoteli, penye mapipa ya taka, na nakwambia mdogo wangu, sijawahi kumchukia mtu kama nilivyokuchukia saa ile. Mimi kifungua mimba! Mimi niliyezaliwa Baba akapiga ngoma! Nikauliza sababu, nikaambiwa mzee mmoja alisimama akasema mtemi hawezi kuwa wa kwenye simu, na baraza zima likacheka. Kicheko kile ndicho kilichonikaa kooni. Mabati ya nyumba yetu nimenunua kwa kusimama getini na jua la Jebel Ali, leo mimi ni wa kwenye simu.

Wala usidhani sijui kilichobaki kwenye kiti chenyewe. Serikali ilifuta utemi kabla hatujazaliwa. Kilichobaki ni ngoma, tambiko la mvua, kuamua ugomvi wa mipaka na kukaa mbele kwenye harusi. Mtu mwenye akili zake hawezi kukosa usingizi kwa ajili hiyo. Lakini shemeji Martina aliponitumia picha umekaa katikati ya wazee, niliikuza kwa vidole mpaka ukabaki uso tu, nione kama unacheka. Hukuwa unacheka. Ulikuwa umetulia kama Baba, na hilo likaniudhi zaidi kuliko kama ungecheka. Watu huiita roho ya kwa nini. Kwa nini yeye, kwa nini si mimi, kwa nini shati lile limemkaa vile. Ndiyo niliyokuwa nayo, na ilikuwa inakula pamoja nami na kulala pamoja nami.

Na nilijua kwamba hamwezi kwenda mbele bila mimi. Mila yetu unaijua kuliko ninavyoijua. Mkubwa akirukwa, yeye ndiye anayeonja pombe ya mtama kwanza, kisha anampa mdogo kibuyu na kumwita Mtemi kwa kinywa chake. Kabla hajamwita, hakuna mwingine anayeruhusiwa kumwita. Wazee wakasema kwa kuwa niko mbali, neno litatosha, kibuyu kitashikwa na mwingine. Basi nikaona, kumbe nina kitu! Sina kiti, lakini nina neno, na nikalikalia. Kila mlipopiga simu nikazidi kulikalia. Nikuambie kitu cha aibu, ilikuwa inanipa raha. Nilikuwa nahudumia watu supu huku najisemea moyoni kwamba huko nyumbani kuna baraza zima linanisubiri mimi.

Hapo ndipo Baba Mdogo Mihayo alipoanza kunipigia. Unamjua, hapigi bure. Kwanza alinipa pole. Halafu akasema hata yeye alishangaa, kwamba Zedekiya ni kijana mzuri lakini kiti kina wenyewe. Mwishoni akasema dawa ni ndogo, nikatae kutoa neno, halafu nimtaje yeye akishike kiti kwa niaba yangu mpaka nirudi. Nikamuuliza atakiachia kweli nikirudi? Akacheka, akaniuliza kama ningemwamini nani kama si baba yangu mdogo.

Sasa sikiliza habari za hawa Wajojia, maana zinahusika. Jumapili mchana Otari hukaa na jamaa zake kwenye meza ndefu, na meza yao ina utaratibu. Mmoja ndiye kiongozi wa maneno, na hakuna anayekunywa mpaka aseme wanakunywea nini. Wataanza na amani, watakuja kwenye nchi, kwenye marehemu, kwenye wazazi, kila neno na glasi yake ya mvinyo. Neno likishasemwa, kiongozi anaweza kulikabidhi kwa mtu mmoja aliendeleze. Ukikabidhiwa, unasimama na kusema la kweli. Kubabaisha ni aibu kubwa. Sisi wahudumu tunasimama ukutani na machupa, na Otari hutufasiria kwa Kiingereza chake cha kusukuma, kwa sababu hawezi kuvumilia mtu asiyesikia hadithi.

Wanapofika kwenye neno la ndugu wa tumbo moja, Otari huwasimulia wafalme wawili, Simoni na Daudi. Walikuwa wana wa mfalme Luarsabu, zamani hizo, yapata miaka mia nne na zaidi. Baba yao alipokufa vitani, Simoni mkubwa akarithi, naye akakataa kumpigia magoti Shah wa Uajemi. Daudi mdogo wake akavumilia, akavumilia, mwisho akafunga safari mpaka kwa huyo huyo Shah. Huko akabadili dini na jina, akaitwa Daud Khan, akarudi na jeshi la Waajemi, akakalishwa Tbilisi kwenye kiti. Ndugu wakapigana miaka. Simoni akakamatwa, akafungwa katika ngome ya mbali huko Uajemi. Otari hufika hapo akaonyesha picha ya Simoni ukutani, na wazee wazima wanafuta machozi kama msiba ni wa jana.

Na mimi je? Mimi nilikuwa upande wa Daudi. Nilikuwa nasimama pale na chupa yangu, moyoni nasema, safi sana Daudi, wangapi wangethubutu? Siku moja nikamwambia mpishi waziwazi kwamba Daudi naye alikuwa na haki, baba ni mmoja, tumbo moja, kwa nini mmoja apate vyote? Mpishi akanitazama, akaniambia kwao hata mtoto wa shule hasemi hivyo, akanipa vitunguu nimenye. Wangari akaniambia kwamba Wajojia wanasimulia habari ya mdogo kumwonea gere mkubwa, na hiyo dunia nzima inaielewa, lakini mkubwa kumwonea gere mdogo, hiyo hata kuisimulia mtu anaona haya. Nikamwambia afunge mdomo wake. Akasema yalla, twende kazini, chifu.

Jana Jumapili ndipo lilipotokea. Wangari, kwa mdomo wake, alikuwa ameshamwambia Otari kwamba mimi ni mtoto wa mtemi na mdogo wangu anakwenda kutawazwa. Walipofika kwenye neno la ndugu, Otari akasimulia ya Simoni na Daudi, kisha hakumkabidhi mgeni yeyote. Akanigeukia mimi ukutani. Akasema leo tuna mwana wa mfalme aliye hai miongoni mwetu, na neno la ndugu analichukua yeye. Meza nzima ikapiga makofi, wakanitengea nafasi. Mimi, Zedekiya, mpigiwa vidole! Kifua kikanitanuka, nisiwe mwongo. Nikasema sasa ndiyo watajua.

Wangari akaniletea juisi ya zabibu, kwa kuwa mhudumu haruhusiwi kilevi akiwa kazini. Nikaikataa. Nikamwambia kwetu mtemi hasemewi kwa matunda, husemewa kwa kinywaji cha nafaka, chenye povu, alete ile bia isiyo na kilevi. Akanitolea macho, akataka kusema kitu, nikamwambia khalas, nimeshasema. Akaleta. Nikaimimina mwenyewe, povu likapanda vizuri, nikasimama. Nikainua glasi, nikasema kwa sauti ya Baba, nainua hii kwa ajili ya mdogo wangu Zedekiya, apate anachostahili.

Hakuna aliyekunywa. Bibi mmoja akaweka glasi yake chini. Mwingine akaangalia sahani. Nikadhani ni heshima, nikanywa yangu yote mpaka povu la mwisho. Otari akaniuliza, taratibu kabisa, kana kwamba tuko wawili tu, kwamba ndugu yangu amenikosea nini.

Wangari ndiye aliyeninong'oneza. Kwa hawa watu, kumbe, neno jema huinuliwa kwa mvinyo au kwa tunda lake. Bia haiinuliwi kwa mtu unayempenda. Jadi yao ni kwamba ukimwinulia mtu bia, unamtakia mabaya, ni glasi ya adui. Alikuwa ametaka kunionya, mimi nikamkatiza. Kibuyu cha kwetu cha kumtukuzia mtemi, huko kwao ndicho cha kumlaania.

Nikaeleza haraka haraka mila yetu, na walipoelewa wakashusha pumzi na kucheka, wakanipiga mabega, wakasema mgeni hana kosa. Otari mwenyewe akanimiminia juisi ya zabibu kwenye glasi safi, akasema nianze upya, neno lile lile. Ningelisema tu, yamekwisha. Nikashika glasi. Nikafungua mdomo. Sikupata hata neno moja. Nilitafuta heri ya kukutakia, nikakuta hakuna, nimejaza roho yote kwa kitu kingine. Nikasimama pale kama mwanafunzi aliyeulizwa jibu, glasi imeinama, juisi inamwagikia vidole vyangu.

Na lile swali la Otari likawa bado linanidai jibu. Nikatafuta kosa lako moja, hata dogo, nikalikosa. Hukuomba kiti. Ulibaki tu. Ulibaki na Mama, ukamgeuza Baba kitandani mwaka mzima, ukamwosha, ukamkatia kucha, ukanipigia mimi nimsemeshe, nami nikasema niko zamu. Hiyo ndiyo hatia yako kwangu. Ulifanya yangu.

Otari alikuwa muungwana. Aliniondolea glasi mkononi, akasema neno halilazimishwi, akalikabidhi kwa mpwa wake. Baadaye alinikuta jikoni naosha mikono ambayo ilikuwa safi. Nikamuuliza, kwa kuwa huwa haimalizi hadithi mezani, Daudi aliishaje. Akasema Waturuki walipokuja Daudi aliukimbia mji, na Waajemi wakamtoa Simoni kifungoni ili akapigane. Daudi akaishia kwa Waturuki, akafia Istanbul. Simoni akakirudia kiti, akapigana akiwa mzee, naye mwisho akakamatwa na Waturuki, akafia Istanbul vile vile. Ndugu wawili, kiti kimoja, na wote wawili wamekufa katika mji wa wageni. Nikamuuliza kama angalau walipatana. Akasema hajapata kusikia.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo ningeweza kulificha, Zedekiya, na kama si ya jana ningelificha. Alhamisi iliyopita nilimkubalia Baba Mdogo. Sikusema nitafikiri, nilikubali. Nilimrekodia sauti kwenye simu, na nikairudia mara ya pili kwa sababu ya kwanza haikuwa na uzito wa kutosha. Nimesema mimi Severin, mkubwa, sitoi neno kwa Zedekiya, na kiti nakikabidhi kwa Baba Mdogo Mihayo akishike. Amekusudia kuwasikilizisha wazee Jumamosi, ghafla, wewe ukiwa umeshanyolewa kichwa tayari kwa kutawazwa. Tulicheka pamoja tulipopanga hilo la kunyolewa. Jana jioni nilimpigia aifute. Akasema nimekwisha nena, na mkubwa hali matapishi yake. Leo hapokei simu zangu. Yeye ndiye Shah wangu, na nilikwenda kwake kwa miguu yangu mwenyewe, hakunivuta.

Jumamosi nitaiacha simu wazi, Otari ameshaniruhusu. Lakini ile sauti niliyorekodi wataisikia ikisema vingine, na nikisema kinyume Baba Mdogo atadai umenibembeleza au umenitisha. Ndiyo maana nakutaka uisome barua hii mbele ya baraza. Isome yote. Isome pale niliposema nimekuchukia, na pale penye picha, na pale tulipocheka habari ya kichwa chako kunyolewa. Najua utataka kuruka, maana wewe ni mtu wa kunisitiri tangu utotoni. Usiruke. Wakisikia sifa tupu, Baba Mdogo atasema umeandika mwenyewe. Lakini hakuna mtu anayeghushi barua ili kumvua nguo kaka yake. Aibu yangu ndiyo muhuri wake. Wacheke, kama walivyocheka ya kwenye simu, safari hii nimewapa ruhusa.

Nisikudanganye kwamba roho imekuwa nyeupe. Ukishakaa, usinitumie picha. Ngoja kwanza, nitakuomba mwenyewe. Sina hakika kama nimekusamehe kwa kuwa bora kuliko mimi, na sijui mtu anaanzia wapi kusamehe kitu kama hicho. Lakini neno halihitaji nipone kwanza. Linahitaji niliseme, na asubuhi hii nimelisema kwa sauti chumbani, wenzangu watano wamelala, mmoja akaamka akaniuliza naongea na nani.

Nisalimie Mama, umkumbatie kwa niaba yangu, ila habari hizi azisikie kwako kabla ya baraza. Shemeji Martina mwambie picha ilikuwa nzuri. Watoto wasalimie mmoja mmoja kwa majina yao. Baba Mdogo naye msalimie, na usimfukuze kikaoni, akae mbele asikie vizuri.

Nimeonja kwanza. Shika kibuyu, Mtemi.

Ndimi mtu wako wa kwanza,
Severin